Mgeni aliyejitolea kubeba barua

Mama yangu hakuwahi kumuuliza mgeni ametoka wapi kabla ya kumwekea kikombe cha chai. Ndiyo maana kisa hiki cha Berlin kinaniuma.

Tarehe 10 Septemba 1943, mwalimu Elisabeth von Thadden aliwaalika watu wachache kunywa chai. Alikuwamo Hanna Solf, mjane wa Wilhelm Solf, balozi wa zamani wa Ujerumani nchini Japani. Ndiye Wilhelm Solf huyo aliyekuwa hakimu wa Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1898. Akaja pia daktari kijana, Paul Reckzeh, na salamu kutoka Uswisi. Wenyeji wakajiachia, wakasema Ujerumani imeshashindwa vita. Kijana akajitolea kuwapelekea barua zao Uswisi. Hapo husita kila nisomapo: bahasha, na mkono unaoipokea kwa adabu. Mkono ule ulikuwa wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi.

Hawakukamatwa mara moja. Waliachwa miezi minne, simu zao zikisikilizwa, hadi Januari 1944.

Wapo wanaosema asiye na hatia haogopi kusikilizwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Serikali inayoyafanya maongezi ya mezani kuwa jinai haimwachii mtu kutokuwa na hatia. Mwanadiplomasia Otto Kiep, mmoja wa wageni wale, alinyongwa Agosti 1944. Septemba, von Thadden akakatwa kichwa.

Hanna Solf alinusurika. Kesi yake iliahirishwa mara kwa mara, na Februari 1945 Jaji Freisler, aliyeshika kesi hiyo, akauawa na mabomu.