Kazi ya Tovuti Ipo Kibuye

Mwandishi aliyewashauri vijana wanaobuni tovuti wahame Kisumu waende Nairobi, eti Kisumu ni mji wa samaki, sukari na mitumba tu, amekosea. Wenye biashara hizo ndio wateja wenyewe. Soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika kila Jumapili, lakini fundi wa makochi pale bado anawatumia wateja picha zilezile kwa WhatsApp, mmoja mmoja, akitaja bei upya kila mara. Ukurasa mwepesi wenye picha, vipimo, bei na nambari ya M-Pesa ungemfikia mnunuzi wa Siaya au Busia kabla hajapanda matatu. Kijana, usingoje tangazo la kazi. Nenda kibandani, mwonyeshe fundi ukurasa kama huo kwenye simu yake mwenyewe, kisha mpatane malipo.