Kimya Nacho ni Mbinu ya Kufundishia

Miongoni mwa mbinu tunazowafunza wanachuo, hakuna inayotumiwa mno kuliko ile ya maswali na majibu. Katika kila andalio la somo utayakuta maswali yamepangwa vizuri, kuanzia jepesi hadi gumu. Hata hivyo, andalio halionyeshi jambo moja: baada ya swali kuulizwa, mwalimu angoje kwa muda gani? Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kungoja ni sehemu ya kazi ya mwalimu, na kwamba yafaa kufundishwe vyuoni kama tunavyofundisha matumizi ya ubao.

Akaguaye mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za huku Lyamkena na Makambako huliona tatizo hili mara kwa mara. Mwalimu mwanafunzi huuliza swali zuri kabisa: kwa nini sakitu huunguza mimea ya bondeni kabla ya ile ya mlimani? Kabla mtoto hajalikumbuka bonde la kwao, mwalimu amekwisha kulirudia swali, au amemtaja yule yule mwepesi wa kila siku, au amejijibu mwenyewe. Watoto nao hujifunza upesi kwamba maswali ya mwalimu hayahitaji kufikiriwa.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliandika mwaka 1974 kwamba walimu aliowachunguza walingoja kwa wastani wa sekunde 1 tu. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, walioshindwa kujibu wakapungua, na hata wale waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia.

Sekunde 3 ni chache. Mbona basi zinatushinda? Jibu nililipata nilipohudhuria kwa mara ya kwanza ibada ya Marafiki, yaani Quaker. Madhehebu haya yalianzia Uingereza katika karne ya 17, kwa mahubiri ya George Fox, na si mageni katika Afrika Mashariki. Marafiki walifungua misheni Banani, kisiwani Pemba, mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani wa Zanzibar alipofuta uhalali wa utumwa, ili kuwasaidia waliokombolewa. Mwaka 1902 wengine kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako baadaye kilikua chuo cha ualimu. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Wengi wao huabudu kwa nyimbo na mahubiri ya mchungaji, lakini utaratibu wa zamani wa kimya ungalipo Nairobi, na ndiko nilikouona.

Watu waliketi kwa kuzungukana, bila mimbari wala kwaya. Hakuna aliyefungua ibada kwa maneno. Dakika za kwanza zilikuwa nzito kwangu. Mazoea ya ukufunzi yalinisukuma kutaka mtu aseme jambo, lolote liwalo. Baadaye mama mmoja alisimama, akasema maneno machache juu ya subira, akaketi. Hakuna aliyemjibu wala kumsifu. Maneno yake yaliachwa yakae, na kila mtu akayapima moyoni. Baada ya saa moja watu walipeana mikono, na ibada ikawa imekwisha. Nilitambua kwamba kuvumilia kimya ni ustadi unaopatikana kwa mazoezi, nasi walimu hatujawahi kuzoezwa.

Sisemi kwamba darasa ligeuzwe kanisa. Marafiki humngoja Mungu. Mwalimu humngoja mwanafunzi afikiri. Wala si kila kimya ni chema. Darasa linaloogopa fimbo huwa kimya pia, lakini hicho ni kimya cha woga, na ndani yake hakizaliwi kitu. Katika ibada ile yeyote angeweza kusimama, mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, bila hofu ya kuchekwa. Kwa hiyo mwalimu angojaye kwa utulivu, kisha akalidhihaki jibu lenye kosa, ameiharibu kazi yake mwenyewe.

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba madarasa yetu yamejaa na mihtasari ni mirefu. Ni kweli. Lakini na tupige hesabu: maswali 10, kila moja likingojewa sekunde 3, huchukua nusu dakika katika kipindi cha dakika 40. Kinachokosekana si muda.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanachuo wanapofundishana chuoni, mmoja wao ashike saa na kuandika muda uliongojewa baada ya kila swali. Pili, wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha wasiuhesabu utulivu mfupi baada ya swali kuwa dalili ya mwalimu kushindwa kulimudu darasa. Alama zipotezwe na yule anayejijibu mwenyewe. Tatu, wakufunzi tuanze sisi wenyewe katika mihadhara yetu, kwa maana mwanachuo hufundisha kama alivyofundishwa, hata pale tulipomwagiza kinyume chake.