Choo cha mtoto kina siri gani? Anza na sahani kabla ya kipimo

Mtoto akiharisha, zahanati nyingi humpa mzazi kikopo na kumwomba sampuli ya choo. Mhudumu wa maabara huangalia mayai ya minyoo, amiba na dalili za damu. Hicho ndicho kipimo kinachofahamika kuanzia Mikindani hadi Msimbati.

Lakini siku hizi mzazi anayeperuzi kwenye simu hukutana na kipimo kingine, kinachouzwa na kampuni za nje kama kipimo cha afya ya utumbo. Hupima asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Majibu huja na tarakimu, na mara nyingine tangazo la unga au vidonge vya kuzipandisha. Je, kuna haja ya kukitolea fedha?

Asidi hizi ni nini?

Sehemu ya chakula haimeng'enywi tumboni. Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mtama na mboga, pamoja na sehemu ya wanga wa muhogo, hufika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko zinakutana na bakteria wanaozichachusha, karibu kama muhogo unavyochachuka ukilowekwa. Mchachuko huo huzaa asidi tatu kuu: asetati, propionati na butirati.

Kazi yake si ndogo. Seli za ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwa butirati. Asidi hizi pia huusaidia utumbo kufyonza chumvi na maji, jambo muhimu sana kwa mtoto anayeharisha. Ndiyo maana mwaka 2001 watafiti wa Bangladesh walichapisha matokeo ya jaribio la ndizi mbichi zilizopikwa lililohusisha watoto wachanga 62 wenye kuharisha kwa muda mrefu. Waliopewa ndizi pamoja na mlo wa mchele walipona haraka kuliko waliopewa mlo wa mchele pekee.

Watafiti walipopima choo

Mwaka 2010, watafiti wa Italia walilinganisha choo cha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na cha watoto wa Florence. Wale wa Burkina Faso walikula mtama, uwele na kunde, vyakula ambavyo mama wa Mtwara hahitaji kuelezwa. Choo chao kilikuwa na asidi hizi nyingi zaidi.

Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichukua sampuli za Wahadzabe 27 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi na kuzilinganisha na za Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe wanaishi kwa mizizi, matunda ya ubuyu, asali na nyama ya pori. Matokeo yake hayakunyooka: Wahadzabe walikuwa na propionati zaidi, Waitaliano butirati zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa bakteria wa Wahadzabe hubadilika kati ya kiangazi na masika, kadiri chakula kinavyobadilika.

Kwa nini tarakimu moja haitoshi

Kwanza, takribani asilimia 95 ya asidi hizi hufyonzwa na mwili. Kinachopimwa kwenye choo ni masalia. Kiwango kikubwa kinaweza kumaanisha zimetengenezwa nyingi, au utumbo haukuzifyonza vizuri.

Pili, bakteria hawalali baada ya choo kutoka. Huendelea kuchachusha ndani ya kikopo, hasa kwenye joto. Sampuli inayosafiri juani kwa bodaboda hadi mjini haitakuwa na kiwango kilekile ilichoanza nacho. Watafiti huigandisha mapema, kisha huipima kwa mashine ambazo maabara ya kituo cha afya haina.

Tatu, hakuna kiwango kimoja kilichokubalika cha kumwambia mzazi kuwa mtoto wake yuko sawa au ni mgonjwa. Kipimo hiki kinawafaa watafiti wanaolinganisha makundi ya watu. Hakionyeshi minyoo wala amiba, na hakipaswi kuchukua nafasi ya kipimo cha zahanati.

Fedha iende sokoni

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanatosha. Yana sukari maalumu ambazo mtoto hazimeng'enyi. Hizo ni chakula cha bakteria wake wazuri.

Baada ya miezi sita, ongeza taratibu vyakula laini: mbaazi, kunde au choroko zilizoiva na kupondwa, ndizi mbichi ya kupika, uji wa mtama, matembele na kisamvu kilichotwangwa na kupikwa vizuri. Usimjaze nyuzinyuzi tu. Tumbo lake ni dogo na bado anahitaji samaki, mayai na mafuta kidogo ili akue.

Muhogo mchungu una sumu na lazima uandaliwe vizuri. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara. Usifupishe siku za kuloweka na kukausha, hata chakula kikipungua nyumbani.

Usimpe mtoto antibayotiki bila kuandikiwa. Huua pia bakteria wanaotengeneza asidi hizi.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS iliyochanganywa kwa maji safi kama pakiti inavyoelekeza, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa mkubwa zaidi.

Mwahishe kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, hakojoi, analegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu. Kuharisha kukifika siku 14, arudi kuonwa hata kama anacheza. Ukiombwa choo, kiweke kwenye kikopo safi bila mkojo wala mchanga, ukifikishe maabara haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja.