Mafundi wa Reli Wapimwe Mkono, Siyo Karatasi Peke Yake



Siku hizi katika kila baraza na kila gazeti twasikia neno moja: kijana akitaka kazi na aende kwenye kawi, huko ndiko kazi ziliko. Kawi ni nguvu zote zinazosukuma mitambo, yaani stima, mafuta, mvuke, upepo na jua. Neno hilo ni la kweli, hatulipingi. Lakini sisi wa karakana za reli twauliza: huo mlango umefunguliwa kwa nani?

Tazameni Suswa. Reli mpya kutoka Nairobi ilifika hapo mwaka 2019. Waya mkubwa wa stima kutoka Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, unakuja mpaka hapo kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ukileta nguvu za mashine 365 za upepo. Na si mbali na hapo, upande wa Naivasha, ndiko Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzungusha mtambo wa kwanza mwaka 1981. Mtambo ule ulikuwa wa megawati 15 tu. Leo mvuke wa ardhini unatoa zaidi ya theluthi moja ya stima ya Kenya nzima. Basi upepo umefika Suswa, mvuke uko jirani, reli imefika, na injini zetu zinaingia stesheni zikiwa zimebeba matangi ya dizeli. Haya tutayarudia.

Kwanza tuseme habari ya mvuke, maana kuna watu wanaoizungumza kama kwamba ni uganga. Kisima huchimbwa kwenda chini kilomita mbili, pengine tatu. Kinachopanda juu ni mvuke na maji ya moto vikiwa vimechanganyika. Hupitishwa katika chombo cha kuvitenganisha. Maji huenda njia yao, na mvuke mkavu huenda katika tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga mengi. Tabaini huzungusha jenereta. Mvuke ukiisha kufanya kazi hupozwa, na maji hurudishwa ardhini. Sasa hesabuni kazi zilizomo: kuna mtu wa kuchomelea mabomba ya nguvu kubwa, mtu wa vali, mtu wa pampu, mtu wa kreni, mtu wa kusoma saa za mkandamizo, mtu wa waya, mtu wa bearing na grisi. Katika hizo ni ipi ambayo haijulikani katika karakana ya reli?

Wazee wetu walipika mvuke. Waliendesha zile Garratt kubwa za daraja la 59, ambazo moja, namba 5918, imesimamishwa katika makumbusho ya reli Nairobi ili watoto wa shule waipande na kupigwa picha. Dizeli ilipochukua kazi yote, kazi ya faiaman ilikwisha, na fundi wa boila akaenda nyumbani na ujuzi wake kichwani. Hakuna aliyemwandika mahali. Halafu nchi ikaanza kutafuta watu wanaojua mvuke! Tangu mwaka 1979 kuna mafunzo ya mvuke wa ardhini huko Iceland, yaliyoanzishwa pamoja na Umoja wa Mataifa, na Wakenya wengi wamekwenda kusoma huko. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, nacho kina taasisi yake ya kufundisha elimu hiyo. Twafurahi kwa ajili yao, ni ndugu zetu. Lakini hizo ni ngazi za juu, za mtu mwenye digrii. Twataka kuionyesha ile ngazi ya chini iliyong'olewa.

Tena wako wanaosema, Hao walikuwa watu wa mvuke, ninyi wa dizeli mnajua nini habari ya stima? Anayesema hivyo hajafungua mlango wa injini hata siku moja. Injini ya dizeli haivuti magurudumu kwa gia kama lori. Dizeli inazungusha jenereta, jenereta inatoa stima, na stima inakwenda chini katika mota zilizofungwa kwenye ekseli. Ni nyumba ya stima inayotembea juu ya reli. Fundi anayeitengeneza anajua kupima waya uliopasuka ngozi, anajua mota iliyoingia maji na mota iliyochoka, anajua kuzima kabla ya kugusa. Asiyejua hilo la mwisho hayupo nasi leo.

Sasa sikilizeni mambo yanayotupata. Mwenzetu mmoja amefunga upya waya za mota miaka kumi na miwili. Alikwenda kuomba kazi kwa mwajiri mmoja mwenye mitambo ya stima. Karani hakumwuliza mota huungua kwa sababu gani. Alimwuliza cheti cha fomu foo. Mwenzetu akajibu kwamba alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, baba akafariki, karo ikakosekana. Karani akamrudishia bahasha bila kuifungua. Haikupita miezi miwili, mota ya mwajiri yuleyule ikapelekwa kwa kontrakta, na kontrakta akatafuta kibarua wa kuifunga, na kibarua akawa nani? Ni huyo huyo. Aliifunga, ikafanya kazi, akalipwa ya siku tatu.

Kwa hiyo mkono wake unafaa, ila mwenye mkono hafai. Zamani za ukoloni ubaguzi ulikuwa wazi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu alipwe tatu ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, na ilipofika mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikasema jambo hilo liondolewe. Mizani ile iliandikwa, ikasomwa, ikapigwa vita. Mizani ya leo ya karatasi haikuandikwa popote, lakini malipo yake ni madogo kuliko hata zile tatu za tano.

Mabwana wa ofisi watatujibu kwamba stima inaua na mvuke unaunguza, kwa hiyo lazima watu wenye vyeti. Sawasawa! Sisi hatutaki mtu asiyejua aguse volti. Twataka tupimwe, na tupimwe kwa ukali. Kipimo kipo tayari. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mtihani wa gredi: mtu huanza gredi ya III, akapanda ya II, kisha ya I. Mtihani huo unataka kuona kazi ya mkono, siyo jina la shule. Na mamlaka ya kawi, EPRA, inatoa leseni kwa mafundi wa stima kwa madaraja, la chini C2 na la juu A1, na wafungaji wa mitambo ya jua wana madaraja yao, T1, T2 na T3. Hiyo ni ngazi ya kweli, ina vidato vyake. Ila kibarua wa miezi mitatu mitatu ataipandaje, ikiwa akiomba siku mbili za mtihani anaambiwa, Nenda, na usirudi?

Hapa twafika kwenye fedha, na tafadhali someni polepole. Sheria ya mafunzo ya viwandani inamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake, ziwe za mafunzo. Hazikatwi katika mshahara wako. Ni deni la mwajiri. Mwenye watu elfu moja hulipa 600,000 kwa mwaka. Na akipeleka watu katika mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Basi kila mmoja wetu anahesabiwa kichwa kwa ajili ya mafunzo. Kichwa kinahesabiwa kila mwezi, lakini ni vichwa vya nani vinavyopelekwa darasani? Waajiri wengi huwapeleka wakubwa katika semina za hoteli pwani, wakarudi na mkoba mpya na kalamu. Fundi na msaidizi wake hubaki karakana wakihesabiwa.

Tulisema tutarudi Suswa. Ethiopia ilifungua reli ya stima kutoka Addis Ababa kwenda Djibouti mwaka 2016. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa reli ya stima kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, kwa waya wa volti 25,000 unaopita juu ya reli. Reli yetu ya Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017 kwa dizeli. Nani ataamini kwamba nchi yenye mvuke wa Olkaria itachoma dizeli milele? Siku waya utakapowekwa juu ya reli yetu, watahitajika watu wa nguzo, watu wa waya wa juu, watu wa vituo vya kupunguza volti, watu wa mota. Wakati wa mvuke kwenda dizeli tuliona jinsi mambo yalivyokwenda: mtambo mpya ulikuja na mtu mpya, wa zamani akaenda nyumbani. Safari hii hatukubali. Mafunzo yaanze kabla ya waya, siyo baada.

Na sisi kwa sisi tuambiane. Wako mafundi kati yetu wanaoitwa kwenye mtihani wa gredi wakajibu, Mimi naijua kazi, sina haja ya kupimwa na mtoto. Ndugu, huyo mtoto ndiye mwenye muhuri. Wako na wengine waliotoa fedha za mkopo wa ushirika kwa mabroka wanaouza vyeti vya mitambo ya jua kwa mafunzo ya wikendi mbili. Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza kama chuo kimesajiliwa na kama cheti chake kitakubaliwa na EPRA ukiomba leseni. Broka akianza kusema kwa sauti ya juu, shika kofia yako uondoke.

Twataka chama kiweke mambo haya katika mapatano yajayo na waajiri. Kila fundi apewe siku za mtihani wa gredi kwa malipo, na ada ya kwanza ilipwe na mwajiri. Kibarua aliyefanya kazi ileile mwaka mzima ahesabiwe naye. Orodha ya waliopelekwa mafunzoni ibandikwe ukutani kila miezi sita, tuone majina. Na mpango wowote wa kuweka stima kwenye reli uje mbele ya chama pamoja na hesabu ya watu watakaofundishwa, kutoka humu ndani kwanza.

Katibu wa tawi anaandika majina. Kila mmoja alete jina, kazi anayoifanya kwa mkono wake, miaka aliyoifanya, na gredi kama anayo. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Kitabu kiko katika ofisi ya chama, kila siku saa kumi na moja jioni, baada ya king'ora.