Jina Lililokosewa

Huko Marekani hupenda sana besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kutimua mbio. Sherry Magee aliingia timu ya Phillies ya mji wa Philadelphia mwaka 1904, na mwaka 1910 aliwashinda wapigaji wote wa ligi yake.

Siku zile pakiti za sigara zilitiwa kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Mwaka 1909 wapiga chapa waliandika "Magie" badala ya Magee. Kosa likasahihishwa upesi, basi kadi zile zikawa haba, na leo wakusanyaji huzinunua kwa fedha nyingi kuliko zilizo sahihi.

Lakini sikilizeni la maana zaidi. Mwaka 1911 Magee alishikwa na hasira, akampiga mwamuzi ngumi hata akaanguka. Akafungiwa majuma kadhaa. Je, hakufaa tena? La! Mwaka 1928 ligi ile ile ilimfanya mwamuzi. Mwaka uliofuata akafa kwa kichomi, mwenye umri wa miaka 44.

Kadi ilisahihishwa upesi. Mtu alingojewa miaka 17. Ewe mzazi, mwanao akikosa mwadhibu, lakini usimfute.