Nani Anamsikiliza Mwenye Kusikiliza?

Tunapomwona wakili akitoka mahakamani hapa Lubumbashi katika joho lake jeusi, twawaza ushindi wake au malipo yake. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza usiku huo atalala namna gani.

Tukumbuke Kilwa. Mwezi wa Oktoba 2004, kando ya ziwa Mweru, watu zaidi ya 70 waliuawa jeshi lilipokuwa likiurudisha mji ule mikononi mwake. Mnamo Juni 2007 mahakama ya kijeshi iliwaondolea washtakiwa makosa ya vita. Ilipasa kungoja hadi 2017 ndipo itangazwe hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kwamba wahanga na jamaa zao walipwe fidia ya dola milioni 2 na nusu. Katika miaka hiyo yote, kulikuwa na watu walioketi mezani wakiandika maneno ya wafiwa: nani alichukuliwa, nani hakurudi. Mwenye kuandika hayo hatoki mzima. Usingizi hukatika, moyo humdunda mbele ya faili fulani, nyumbani hufoka bila sababu. Wengine hupatwa na ubaridi, wakasikiliza habari za mauti kama bei za sokoni. Huo ubaridi twauogopa kuliko machozi.

Mpatanishi wa jumuiya zetu, Katuba au Ruashi, hana hata joho. Huitwa usiku kwa ajili ya mjane aliyefukuzwa na ndugu za marehemu, na asubuhi aenda kazini kama kawaida.

Wapo wanaosema: asali tu. Twasali, naam. Lakini katika Kutoka 18, Yethro alipomwona Musa akiamua watu toka asubuhi hadi jioni, hakumwambia aongeze sala (na Musa alisema na Mungu kuliko sisi sote). Alimwambia atachoka kabisa, achague wasaidizi.

Basi twaomba katika chama chetu mpatanishi asiketi peke yake. Baada ya shauri zito, amweleze mwenzake hali yake mwenyewe, si siri za watu; apumzishwe mashauri ya namna ile kwa muda; na usingizi ukimpotea kwa majuma, aende kwa mganga wa hospitali bila haya. Nanyi mnaosomea sheria, anzeni sasa: kila mmoja amtaje mwenzake atakayemwendea.