Kodi Yetu Inakatwa, Mkutanoni Hatumo

Ndugu mfanyakazi wa Uganda, itazame karatasi yako ya mshahara ya miezi ya Julai mpaka Oktoba. Utaona fedha zimekatwa kwa ajili ya kodi ya huduma za mitaa. Kodi hii iliwekwa mwaka 2008, baada ya ile kodi ya kichwa kufutwa mwaka 2005. Apataye zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi huilipa, kuanzia shilingi 5,000 mpaka 100,000 kwa mwaka, kwa kadiri ya mshahara wake. Fedha hizo ni za halmashauri, si za hazina ya serikali kuu. Je, uliitwa lini mara ya mwisho kusema zifanye kazi gani?

Sheria haikutunyima nafasi. Halmashauri hizi zilianzia msituni Luwero katika vita vya 1981 hadi 1986, zikiitwa RC. Baada ya Katiba ya 1995 zikawa LC. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inasema kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji chake. Mwenyekiti na kamati yake ya watu 10 ni watumishi wa mkutano huo, si wenye kijiji. Mipango yapasa kuanzia hapo, ipande muluka, gombolola, hata wilayani. Sisi wafanyakazi twajivunia viti vyetu 5 Bungeni, lakini kijijini kila mmoja wetu ana kiti chake mwenyewe, nacho ki kitupu.

Sababu mojawapo ni saa. Mkutano hupigiwa mbiu siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati mchuma chai yuko shambani na mama wa sokoni yuko mezani pake. Nilihudhuria mkutano mmoja wa bajeti wa gombolola: makaratasi yalikuwa ya Kiingereza, mpango ulikwisha pigwa chapa, afisa akausoma mpaka mwisho ndipo akauliza kama kuna swali. Tulikunywa soda, tukatia sahihi kuwa tumefika. Sahihi kama hizo ndizo huandikwa baadaye kwamba wananchi wameshirikishwa!

Wakubwa wa halmashauri hujibu kwamba fedha nyingi hutoka serikali kuu zikiwa zimekwisha pangiwa kazi. Ni kweli, na kwa hilo tusiwalaumu. Lakini hata kidogo kina hesabu. Huko mashambani, gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na katika hizo asilimia 25 ni za vijiji. Nani amewahi kusomewa kijiji chake kilipata kiasi gani? Badala yake watu huulizwa wanataka nini. Husema barabara, kisima, zahanati, huandikwa, mwaka wa pili huulizwa tena, na orodha ni ile ile. Kuuliza mtu haja zake ni kazi rahisi. Kumsomea hesabu ndiyo kazi, na mimi nasema hesabu itangulie, haja zifuate.

Tusisahau pia kwamba tangu 2001 mpaka 2018 vijiji havikupiga kura ya LC1. Mwenyekiti aliyekaa miaka 17 bila kupigiwa kura angemwogopa nani? Na sasa fedha zimeongezeka: mpango wa maendeleo ya miluka, uliozinduliwa Februari 2022, uliahidi kila muluka shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mtu hukopeshwa hadi milioni 1. Pasipo mkutano wa kweli, majina yatapangwa barazani kwa mtu.

Basi kila tawi la chama liwaandikie wenyeviti wa vijiji wanamokaa wanachama wake. Liombe mkutano uitwe Jumapili alasiri, uendeshwe kwa lugha ya wakazi, na hesabu za mwaka uliopita zisomwe kwa sauti kabla ya mpango mpya kufunguliwa. Matawi ya mashamba makubwa yadai ruhusa kwa wajumbe wachache waende kwa zamu kwenye mkutano wa gombolola. Mikutano ya bajeti kwa kawaida huitwa Oktoba na Novemba. Makatibu waanze kuulizia tarehe Septemba.